Bilauri Mbili

Mwezi wa Julai, hapa Maabela,
maji ya bomba hutoka yakifuka mvuke,
yamechomwa kutwa kwenye tangi la paani.
Nayaacha kwanza yapoe mezani,
bilauri mbili:
moja ya kusuuzia brashi,
moja yake.

Maana Bizari hakunywa penye maji yake.
Bakuli la buluu tulilomnunulia Ruwi, riali nzima,
alilipita kama mtu ampitaye mdai.
Alitaka bilauri yangu, yenye rangi,
hadi nikaweka ya pili, safi,
nikajifanya ni yangu,
ndipo akanywa. Kwa wizi. Ndivyo alivyopenda.

Leo nampaka.
Lugha yetu imenirahisishia: kupaka, paka.
Mkono haukurahisishiwa kitu.

Bi Thuwaiba, mwalimu wetu wa jioni kule Khuwair,
alisema rangi za maji hazina nyeupe.
Nyeupe haipakwi, huachwa.
Basi kifua chake nakiacha.
Soksi ya mguu wa kushoto naiacha.
Napita pembeni na manjano niliyoizimua sana,
kama mtu anayepiga deki
akimkwepa aliyelala.

Kisha mgongo: manjano tena, tone la hudhurungi,
mistari ninayoijua kwa kiganja kuliko kwa jicho.
Kiyoyozi kinanikimbiza,
kinakausha ukingo kabla sijauyeyusha,
na sikio la kulia limepata mpaka mkali
kama nchi kwenye ramani.
Silifuti.
Hapo hapo ndipo lilipochanika
usiku ule wa dume jeusi la msikitini.

Sisi tulimwita Bizari.
Rafiqul wa dobi alimwita Biral,
watoto wa jirani Sannur,
naye akaitika kwa yeyote mwenye jodari.

Kaka yangu Nasibu alitaka aondolewe
Mama alipoletwa nyumbani na mtungi wa oksijeni.
Manyoya, alisema. Mapafu, alisema.
Mama akaivuta barakoa kando, akainua kidole:
"Paka wa nyumba haingwa."
Hayakuwa maneno yake ya mwisho.
Ya mwisho aliuliza kama mchele umeshalowekwa.
Lakini Nasibu alitoka,
na Bizari akapanda miguuni pa Mama,
akakunja mikono ndani kama mtu mwenye baridi,
akakaa siku kumi na moja.

Macho nimeyaogopa wiki nzima.
Kaharabu chini, kijani juu,
haraka, kabla ya ya kwanza kukauka,
halafu unaondoa mkono
ziende zikakutane zenyewe.
Zimekutana.
Katikati nimebakiza kitone cha karatasi tupu:
hilo ni dirisha la sebuleni,
na aliyesimama mbele yake na simu,
mdogo kuliko punje ya mtama,
ni mimi, nikisema tulia, tulia basi.

Sharubu nimezikwaruza kwa wembe.
Moja imekatika. Hata zake zilikatikakatika,
alikuwa akizipitisha karibu mno na jiko.

Si yeye hasa.
Taya limekuwa jembamba, la paka mwenye adabu,
naye hakuwa nayo.
Lakini ukisimama mlangoni,
taa ikiwa imezimwa,
kuna mtu kwenye karatasi anayekupuuza,
na hapo nimempata.

Magharibi inaadhiniwa.
Nafungua dirisha, joto linaingia kama mgeni asiyebisha hodi,
nalifunga.
Naosha brashi.
Bilauri ya kwanza imekuwa chai ya maziwa.
Ya pili sikuigusa tangu asubuhi,
ila maji yameshuka
upana wa kidole.

Ni kiyoyozi. Ni hewa kavu.
Najua.

Naijaza.